SOMO LA AFYA: PUMU YA ALEJI NA PUMU ISIYO YA ALEJI – TUTAZITENGANISHAJE?



Katika mikutano yetu ya vikundi, swali moja limekuwa likirudi mara kwa mara: "Mwalimu, huyu mgonjwa wetu wa pumu, hiyo yake ni aleji ama ni kifua tu?" Swali hili ni zuri. Jibu lake likikosewa, familia inaweza kupoteza pesa, mifugo na hata maisha ya mtu. Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nililikosea, na mama mmoja akalipa gharama ya kosa langu.

Lengo la somo. Tukimaliza, kila mwanakikundi aweze:
(a) kueleza pumu ni nini, na aina hizi mbili zinatofautiana wapi;
(b) kumsaidia mgonjwa kuandika daftari la pumu ambalo daktari anaweza kulitumia;
(c) kutambua dalili za hatari na kujua la kufanya.

Vifaa: daftari, kalamu, na chupa tupu ya plastiki ya nusu lita.
Muda: saa moja na nusu. Mwenye kusoma vizuri asome kwa sauti, akisimama kila sehemu ili watu waulize.

1. NG'OMBE ALIYEUZWA BURE

Mwaka 2009 nilikuwa nimemaliza diploma yangu juzi juzi tu. Nilitumwa kutembelea kikundi cha akina mama wa maziwa huko Murang'a. Mama mmoja, mwenye umri wa miaka kama arobaini na mitatu, alikuwa anakohoa usiku na kubanwa na kifua. Alfajiri akienda kukamua, kifua kilipiga filimbi hata jirani akasikia.

Nilifika bomani kwake. Nikaona ng'ombe, nikaona nyasi kavu, nikaona vumbi. Papo hapo nikasema, "Mama, hii ni aleji ya ng'ombe." Sikuuliza hata swali moja. Lakini nilikuwa nimebeba daftari na kuvaa beji, basi nikaaminiwa. Familia ikauza ng'ombe, yule yule aliyekuwa akilipa karo ya watoto wawili wa sekondari.

Niliporudi baada ya miezi miwili, mama alinikaribisha kwa chai ya rangi. Hakukuwa na maziwa. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, ng'ombe ameenda, kifua kimebaki."

Mabaya zaidi yalikuwa mbele. Siku moja mgongo ulimuuma, akanunua dukani tembe za maumivu za jamii ya aspirini. Kabla saa moja kwisha, alikuwa hawezi kutamka maneno mawili bila kusimama kuvuta pumzi. Majirani walimpakia kwenye pikapu wakamkimbiza hospitali. Mungu ni mwema, alipona.

Huko alikutana na afisa wa kliniki mwenye subira. Huyo alifanya lile ambalo mimi sikufanya: aliketi, akauliza. Kifua kilianza lini? Mwaka jana, baada ya mafua makali. Utotoni je? Hapana, hata siku moja. Una ukurutu wa ngozi? Hapana. Macho yanawasha, unapiga chafya ukishika ng'ombe? Hapana, nimeshika ng'ombe tangu nikiwa mtoto. Pua je? Imeziba miezi mingi, na siku hizi sisikii harufu, hata maziwa yakiungua jikoni ni watoto wanaoniambia. Ni wakati gani unabanwa zaidi? Nikiwasha moto wa kuni, nikitoka kwenye baridi ya asubuhi, nikicheka sana, na nikipata mafua.

Alipopimwa baadaye kwenye hospitali kubwa, ndani ya pua kulipatikana vijinyama. Kipimo cha aleji cha ngozi kilifanywa, na hakuna kitu kilichovimba. Pumu yake ilikuwa ya kweli, tena kali. Lakini haikuwa ya aleji, na ng'ombe hakuwa na hatia.

2. PUMU NI NINI?

Ndani ya mapafu kuna mirija ya kupitisha hewa, kama matawi ya mti. Kwa mtu wa pumu, mirija hii imevimba kwa ndani na ni myepesi kukasirika. Ikichokozwa, mambo matatu hutokea: misuli inayoizunguka hukaza, ngozi yake ya ndani huvimba zaidi, na makohozi mazito huziba nafasi iliyobaki. Hewa inapolazimishwa kupita kwenye nafasi ndogo, ndipo tunasikia filimbi.

Alama kubwa ya pumu ni kwamba huja na kwenda. Leo mtu ni mzima, kesho amebanwa. Mara nyingi huzidi usiku na alfajiri. Pumu haiambukizi, wala si kurogwa.

Lakini si kila kikohozi ni pumu. Kikohozi kikizidi wiki mbili, hasa pamoja na kukonda, homa au jasho la usiku, mtu apimwe kifua kikuu. Mtoto mwenye homa anayepumua haraka haraka anaweza kuwa na nimonia. Na mama mzee aliyepikia moshi miaka mingi, ambaye pumzi yake hupungua mwaka hata mwaka bila siku za nafuu kamili, anaweza kuwa na ugonjwa mwingine wa mapafu. Kwa hiyo swali la kwanza si "aleji ama si aleji?" Swali la kwanza ni "je, hii ni pumu kweli?" Hilo hujibiwa na daktari, hasa kwa kipimo cha kupuliza pumzi kabla na baada ya dawa.

Pumu si jambo dogo. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa nayo, na watu 455,000 walikufa kwa sababu yake. Wengi wa waliokufa walikuwa katika nchi zenye kipato kidogo, mahali ambapo dawa na ufahamu havifiki vizuri.

3. AINA HIZI MBILI ZINATOFAUTIANA WAPI?

*Pumu ya aleji.* Mwili una walinzi wake wa kupigana na magonjwa. Kwa watu wengine walinzi hawa hukosea: huona kitu kisicho na madhara, kama vumbi la godoro au chavua ya nyasi, wakadhani ni adui. Mwili hutengeneza silaha ya pekee dhidi ya kitu hicho, ambayo madaktari huiita IgE. Siku mtu akivuta tena kitu kile, silaha hulipuka, na mirija hufunga. Mara nyingi hutokea kwa dakika chache. Lakini kumbuka hili: baada ya nafuu, shambulio la pili linaweza kuja saa kadhaa baadaye. Mtu akibanwa jioni, chanzo kinaweza kuwa cha mchana.

*Pumu isiyo ya aleji.* Hapa mirija imevimba vile vile na hukasirika vile vile, lakini hakuna kitu maalum ambacho mwili umekiwekea silaha ile. Mara nyingi huanza ukubwani, na huwapata wanawake zaidi. Mara nyingi wagonjwa husimulia kwamba ilianza baada ya mafua makali.

Tofauti hii si mpya. Mwaka 1918 daktari Francis Rackemann wa Boston, Marekani, aliandika juu ya wagonjwa 150 wa pumu, akaona kwamba wengine shida yao hutoka nje ya mwili na wengine ndani. Lakini ile silaha ya IgE ilikuja kugunduliwa karibu miaka 50 baadaye, kati ya 1966 na 1967, na watafiti wa Marekani na Sweden.

4. ISHARA ZA KUTAZAMA

*Zinazoelekeza kwenye aleji:*
– Pumu ilianza utotoni.
– Mgonjwa ana ukurutu, au alikuwa nao akiwa mchanga.
– Hupiga chafya mfululizo. Pua na macho yanawasha.
– Mzazi au ndugu ana pumu, ukurutu au chafya za namna hiyo.
– Hubanwa kila akikutana na kitu kile kile: paka, godoro kuukuu, chumba chenye mende, nguo zenye ukungu.
– Huzidi msimu fulani wa mwaka, kama nyasi zikichanua.

*Zinazoelekeza kwenye pumu isiyo ya aleji:*
– Pumu ilianza ukubwani, baada ya miaka thelathini au arobaini.
– Hakuna ukurutu wala chafya za kuwasha, na hakuna wa namna hiyo katika ukoo.
– Pua imeziba muda mrefu, na mtu amepoteza kusikia harufu.
– Shida haifuati kitu kimoja wala msimu. Hufuata mafua, baridi, moshi na harufu kali.
– Tembe za aspirini, ibuprofeni au diklofenaki humbana. Watu wazima wengine wa pumu wana shida hii, na inaweza kuua.

Sasa angalieni mtego, kwa maana hapa ndipo wengi huanguka. Mtu husema, "Moshi unanibana, kwa hiyo nina aleji ya moshi." Sivyo. Moshi, baridi, mafua, kukimbia, kucheka, harufu ya rangi au marashi, hivi vyote ni *viwasho*. Kiwasho huchokoza mirija iliyovimba tayari, iwe pumu ni ya aleji ama si ya aleji. Ni kama kidonda: ukimwaga chumvi kitauma, lakini si chumvi iliyoleta kidonda. Kwa hiyo kubanwa na moshi hakutuambii mgonjwa ni wa aina gani. Linalotuambia ni hili: je, mbali na viwasho hivyo, kuna kitu maalum kinachoamsha chafya, kuwashwa na kifua kila mara?

Tena kuna watu walio katikati, wenye ishara za pande zote mbili. Na kuna walioanza ukubwani kwa sababu ya kazi: vumbi la unga kwa waoka mikate, vumbi la buni kwenye viwanda vya kukoboa kahawa. Hao waulizwe, "Ukiwa likizo au siku za kupumzika, unapata nafuu?" Wakisema ndiyo, daktari aambiwe mapema.

5. MVULANA WA JUMAMOSI

Baada ya aibu ya ng'ombe, nilijifunza kuuliza kwanza. Katika kikundi kingine kulikuwa na mvulana wa miaka tisa. Mama yake alikuwa ameambiwa na jirani kwamba ni aleji ya chakula, basi akamkataza mayai, maziwa na samaki. Mtoto akakonda, na kifua hakikubadilika. (Chakula peke yake ni mara chache kuleta pumu. Aleji ya chakula mara nyingi huonekana pia kwa ngozi kuvimba, midomo kuvimba au kutapika.)

Safari hii sikutaja ugonjwa. Niliwaomba waandike daftari kwa wiki nne. Dada yake wa darasa la saba ndiye aliyekuwa mwandishi. Tulipokaa kulisoma, tuliona hivi: mtoto aliamka na chafya karibu kila siku. Kufika saa nne akiwa shuleni alikuwa mzima. Na mashambulio makubwa matatu kati ya manne yalikuwa Jumamosi.

"Jumamosi mnafanya nini?" niliuliza.

Yule dada akajibu, "Ni yeye hukung'uta blanketi na kufagia vyumba vya kulala."

Mtoto alikuwa akilalia godoro la sponji alilorithi kwa babu, halina kifuniko. Ndani ya magodoro, mito na blanketi kuna wadudu wadogo mno wa jamii ya utitiri, wasioonekana kwa macho. Hawaumi. Hula magamba ya ngozi yetu, na kinachosumbua ni kinyesi chao kikirushwa pamoja na vumbi. Mtoto alikuwa na ukurutu akiwa mchanga, na baba yake ni mtu wa chafya. Kipimo cha ngozi kilipofanywa, tone la wadudu wa vumbi lilivimba. La mayai halikuvimba. Akarudishiwa mayai yake.

Aliyetatua jambo lile ni msichana wa darasa la saba na kalamu yake. Utaalamu wangu ulikuwa kumwomba aandike tu.

6. DAFTARI LA PUMU

Kila mgonjwa aandike, au aandikiwe, kwa wiki nne. Kila siku mambo sita:

1. *Saa* – alibanwa saa ngapi, na kwa muda gani?
2. *Mahali* – jikoni, kitandani, shambani, shuleni, kazini, kwa jirani?
3. *Alikuwa akifanya nini* – saa moja kabla, na pia mchana wa siku hiyo?
4. *Dalili nyingine* – chafya, macho kuwasha, ngozi, pua kuziba, homa ya mafua?
5. *Alimeza nini* – hasa tembe za maumivu, na dawa za presha. Dawa fulani za presha, kama propranololi, zinaweza kufunga kifua.
6. *Alitumia inhela mara ngapi*, na nafuu ilidumu muda gani?

Mfano: "Jumanne. Saa kumi na moja alfajiri. Kitandani. Chafya nyingi, macho yanawasha. Hakuna dawa. Inhela mara 2, nafuu mpaka mchana."

Andikeni pia siku njema. Mgonjwa akilala kwa dada yake siku tatu bila kubanwa, hiyo ni habari kubwa. Yule mama wa ng'ombe alikuwa amelala matangani siku nne, karibu na zizi la ng'ombe sita, bila shida. Mbona hatukujua? Kwa sababu hakuna aliyeuliza.

7. VIPIMO VYA HOSPITALI

*Kipimo cha ngozi.* Matone ya vitu mbalimbali huwekwa kwenye mkono, kila tone na mchomo mdogo. Baada ya dakika 15 hadi 20 huangaliwa kama pamevimba kuzidi tone la maji ya kulinganisha, kwa milimita 3 au zaidi. Mgonjwa aulize mapema ni dawa gani asimamishe: tembe za aleji zilizomezwa siku chache kabla huficha majibu. Asisimamishe inhela kwa mawazo yake mwenyewe.

*Kipimo cha damu* hutafuta ile IgE ya kitu fulani, kwa mfano ya paka au ya wadudu wa vumbi.

Hapa kuna maonyo mawili kwa watu wa mashambani. La kwanza, minyoo. Minyoo ya tumbo hupandisha jumla ya IgE na pia chembe za damu ziitwazo eosinofili. Kwa hiyo mtu akiambiwa tu "IgE yako iko juu," hiyo haithibitishi kwamba ana aleji. Tena eosinofili huweza kuwa juu hata kwa pumu isiyo ya aleji.

La pili, kuvimba kwa tone si hukumu. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2002 uliwaangalia watoto wa mji wa Thika na wa kijiji cha Kabati, hapa kwetu. Pande zote mbili walipatikana watoto wengi ambao miili yao ilionyesha aleji. Lakini uhusiano wa nguvu kati ya aleji hiyo na kifua kubanwa ulionekana mjini Thika, si kijijini Kabati. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuvimba mkono kwa kitu, na kitu hicho kisiwe ndicho kinachomsumbua kifuani. Kipimo na daftari lazima vikubaliane. Na kama hospitali ya kipimo iko mbali, msikate tamaa. Matibabu hayangojei kipimo hicho.

8. DAWA: USINGOJE KUJUA AINA

Nataka jambo hili lishikwe na kila mtu. Aina zote mbili ni pumu ya kweli, zote zinaweza kuua, na dawa za msingi ni zile zile. Hakuna aina "ya mchezo."

Kuna inhela ya kufungua, ambayo mara nyingi ni ya buluu (salbutamoli). Hulegeza misuli kwa haraka, lakini haiponyi uvimbe. Halafu kuna inhela ya kuzuia, ambayo mara nyingi ni ya kahawia. Ina dawa ya jamii ya steroidi, nayo hupunguza uvimbe polepole, kwa hiyo hutumiwa kila siku hata ukijisikia mzima. Kuna pia inhela zenye dawa mbili pamoja. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu hausemi tena watu wazima na vijana watibiwe kwa inhela ya buluu peke yake. Anayemaliza ya buluu kila mwezi bila ya kuzuia yuko kwenye hatari kubwa. Arudi kliniki.

Watu husema, "Inhela ni ya wagonjwa wa kufa" ama "ukizoea huwezi kuacha." Hiyo ni uongo, na imezika watu.

*Chupa ya nusu lita.* Dawa nyingi ya inhela hupotelea mdomoni. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, wakiongozwa na Heather Zar, walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500 hufanya kazi sawa na chombo cha kununua kwa watoto waliobanwa. Toboa kitako cha chupa kwa waya wa moto, tundu lienee mdomo wa inhela bila kupwaya. Osha chupa kwa sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuipangusa. Tikisa inhela, iingize kwenye tundu. Mgonjwa aweke midomo kwenye mdomo wa chupa, bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi mara tano au sita. Ndipo ubonyeze tena. Mtoto mdogo sana anahitaji kifuniko cha uso, uliza kliniki.

9. TUBADILISHE NINI NYUMBANI?

Hapa ndipo kujua aina kunasaidia, kwa maana kunatuambia pesa zetu chache ziende wapi.

*Kwa wote wawili:* punguzeni moshi. Jiko lenye bomba, kuni kavu, dirisha wazi, na mgonjwa asiwe ndiye mwashaji wa moto. Asiweko wa kuvuta sigara ndani ya nyumba.

*Kwa mwenye aleji iliyothibitishwa:* ondoeni kile kitu hasa, si kila kitu. Kwa wadudu wa vumbi: funika godoro na mto kwa kifuniko kisichopitisha vumbi, fua matandiko kila wiki kwa maji ya moto sana, mtu mwingine afagie kwa kitambaa chenye maji. Jambo moja peke yake mara nyingi halitoshi. Kwa mende: funika chakula, ziba nyufa.

*Kwa asiye na aleji:* kununua vifuniko vya godoro ni kutupa pesa. Nguvu iende kwenye moshi, kujifunika baridi, kukwepa mafua, na tembe za maumivu. Aliyewahi kubanwa na aspirini awaambie wauza dawa wote, na amwulize daktari juu ya parasetamoli, ambayo kwa kipimo cha kawaida wengi huivumilia.

Na kabla ya kuuza mnyama, kuhama nyumba au kumnyima mtoto chakula: daftari kwanza, daktari pili, soko mwisho.

10. DALILI ZA HATARI

Mkimbizeni hospitali mara moja mtu ambaye:
– hawezi kumaliza sentensi, au mtoto hawezi kunyonya au kunywa;
– mbavu zinaingia ndani akipumua;
– midomo, ulimi au kucha zinageuka rangi ya kijivu au buluu;
– amechanganyikiwa, anasinzia, au filimbi imenyamaza na bado anahangaika;
– inhela ya buluu haimsaidii, au nafuu haifiki saa tatu.

Mkiwa njiani: aketi wima, msimlaze. Mpeni inhela ya buluu kwa chupa, mara nne, moja moja. Mrudie kila baada ya dakika 20 mpaka mfike. Hapo hakuna kuuliza ni aleji ama si aleji.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu, nani ana pumu? Ana inhela ya kuzuia, ama ya buluu tu?
2. Je, kuna familia iliyouza au kuacha kitu kwa kuambiwa "ni aleji"? Ilisaidia?
3. Eleza kwa maneno yako tofauti ya kiwasho na aleji.
4. Usiku wa manane mtu akibanwa, ni gari la nani tutapigia? Nauli itatoka mfuko gani wa kikundi? Amueni leo, andikeni kwenye kumbukumbu.
5. Zoezi: kila mmoja aonyeshe kutumia chupa ya nusu lita.

KWA KUMALIZIA

Mtaniuliza, yule mama alifikia wapi? Alianza inhela ya kuzuia, akaacha zile tembe, na mume wake akatoboa ukuta wa jiko akaweka bomba. Kifua kilitulia. Kikundi chake kilichanga kidogo kidogo, na baada ya mwaka mmoja na miezi wakamnunulia mtamba. Mimi pia nilichanga. Ilikuwa haki yangu kuchanga.

Siku ya kumkabidhi alinicheka mbele ya watu wote: "Mwalimu, huyu usimwite aleji!" Na alicheka bila kubanwa.